Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kipupwe cha Tabora na Mimba ya Kwanza

Kila mwaka, mahindi yakishaingia ghalani na upepo wa mwezi wa sita ukianza kupeperusha vumbi, akina mama kijacho huja barazani kwangu hapa Tabora na nyuzi zao. Wapo wanaotoka Cheyo, Isevya, Ng'ambo na Kiloleni, na wapo wanaoshuka kwenye basi kutoka Sikonge au Urambo. Wanakuja kujifunza kufuma, lakini mikono ikishazoea, maswali yanaanza. Nimeyakusanya hapa yale yanayorudi kila msimu. Mimi ni fundi wa kufuma na mama wa watoto waliokwisha kukua. Ya kitabibu niliyoandika ni yale yanayofundishwa kliniki, na panapohitaji mkunga nimesema wazi uende kwa mkunga.

Baridi ya huku inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni?

Hapana. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti alfajiri inaweza kushuka hadi nyuzi 14 au 15, ila mchana jua linawaka na watu wanavua masweta. Mtoto aliye tumboni anapata joto la mwili wako, hapati la hewa ya nje. Ukitetemeka, wewe ndiye unayesumbuka.

Kinachonitia wasiwasi ni yale tunayoyafanya ili kuikimbia baridi: jiko chumbani, madirisha yaliyozibwa, maji tunayoacha kunywa, siku nzima ya kukaa bila kujinyoosha. Hayo ndiyo yanayomfikia mtoto.

Usiku ni baridi sana. Naweza kuingiza jiko la mkaa chumbani hadi nilale?

Usiingize. Ukisoma jibu moja tu katika ukurasa huu, lisome hili, na umsomee na mwenzako.

Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haionekani wala hainuki. Mkaa uliokwisha kuwa mwekundu, usiotoa moshi hata kidogo, ule ambao watu husema "umeiva, sasa uingize ndani", nao unaitoa. Gesi hiyo ikiingia kwenye damu inang'ang'ania mahali pa oksijeni, na inashika zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Inavuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na damu ya mtoto huchelewa kuiachia kuliko damu ya mama. Ndiyo maana mama anaweza kuamka na kichwa kizito tu, akajiona mzima, kumbe mtoto ameumia.

Tatizo lingine ni dalili zake. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kuchoka. Mwenye mimba ya kwanza akizisikia anasema ni mimba, anajifunika tena blanketi. Ukiamka na kichwa kinachouma, na usiku jiko lilikuwa ndani, toka nje upate hewa mara moja, kisha uende kituo cha afya uwaeleze habari ya jiko. Usiposema, watakupima malaria na kukurudisha nyumbani.

Badala yake fanya hivi. Pikia nje au jikoni penye mlango na dirisha wazi, jiko libaki hukohuko nje hadi lizime. Chemsha maji, yaache yapoe kidogo, yatie kwenye chupa ya plastiki ngumu au dumu dogo lenye kifuniko kinachokaza, lizungushie kanga mbili, ulitie miguuni ndani ya blanketi robo saa kabla ya kulala. Miguu ikipata joto, mwili mzima unatulia. Na yale matambara tunayoziba nayo nafasi ya chini ya mlango, yatoe.

Moshi wa kuni nao si wa kuuzoea. Mama anayeuvuta kila siku yumo katika hatari zaidi ya kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Kama kuna mdogo wako wa kukaa karibu na mafiga wakati maharage yanachemka, mwachie, wewe kaa pembeni uchambue mboga.

Nilale vipi, maana nikijifunika sana nasikia joto, nikijifunua nasikia baridi?

Damu ya mjamzito huongezeka, na wengi husikia joto kuliko mwanzo. Vaa nguo mbili nyepesi badala ya sweta moja zito, ili uweze kuvua moja bila kuamka. Lala ubavu, hasa baada ya wiki ya 28, na mto katikati ya magoti. Ukijikuta umelala chali usiku wa manane, geuka tu, hakuna la kuogopa.

Mama mkwe anasema nisifume wala kununua nguo kabla mtoto hajazaliwa. Nifanye nini?

Wengi wanalelewa hivyo, na msingi wake ni uchungu: wazee wetu waliona watoto wengi wakipotea, hawakutaka mama abaki na kasha la nguo zisizo na mwenyewe. Usibishane naye. Mwambie kwa adabu, "Mama, hospitali wanataka niende na nguo za kumfunika mtoto, nisipokuwa nazo atapata baridi." Hiyo ni kweli kabisa, na mama mkwe wengi huielewa. Wapo mabinti waliofuma hapa kwangu na kuacha kazi yao kabatini kwangu hadi siku yenyewe. Sioni ubaya, kila mmoja akalala na amani.

Sijawahi kufuma. Nianze na nini?

Anza na kofia. Ni ndogo, inaisha ndani ya jioni chache, na mtoto mchanga hupoteza joto jingi kichwani, kwa hiyo itatumika saa ya kwanza ya maisha yake.

Chagua uzi laini. Uuguse kwa midomo. Ukikukwaruza, utamkwaruza na yeye. Pamba ni nzuri kwa mchana wa huku, uzi wa sweta ni mzuri kwa usiku. Chukua sindano ya kufumia yenye ndoano, ya unene wa kati, kwa sababu ndoano nyembamba inachosha vidole na kazi haionekani.

Funga vitanzi vinne, viunganishe viwe duara, kisha ufume kuzunguka huku ukiongeza vitanzi kila mzunguko ili kitambaa kilale bapa kama sahani. Kikianza kujikunja juu, umeongeza vichache. Kikifanya mawimbi, umezidisha. Hapo ndipo wanaoanza hukata tamaa, lakini fumua mzunguko mmoja tu na uendelee, hakuna kilichoharibika. Kichwa cha mtoto anayezaliwa kwa siku zake huwa na mzunguko wa sentimita 35 hivi, kwa hiyo duara lako likifika upana wa sentimita 11, acha kuongeza. Fuma mizunguko ya kawaida sasa, na utaona kitambaa kinageuka chini chenyewe na kuwa kofia. Ikifika urefu wa sentimita 14 au 15, kata uzi, uufiche kwa ndani.

Usiweke kamba za kufungia shingoni, vifungo, wala shanga. Mtoto hujinyonga kwa kamba na hupaliwa na kifungo. Soksi zikikamilika, zigeuze nje ndani ukague: uzi mmoja uliolegea unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu na kukata damu, na mtoto atalia usijue kwa nini. Fua kila kitu kwa sabuni ya kawaida na ukianike juani kabla ya kutumia.

Nguo nilizofuma niziwekee naftalini zisiliwe na wadudu?

Usiweke. Harufu ya naftalini ikibaki kwenye nguo huweza kuvunja chembe za damu za baadhi ya watoto wachanga na kuwaletea manjano kali. Weka kwenye mfuko safi unaofungwa vizuri.

Nikifuma, vidole vinakufa ganzi. Niache?

Mimba hujaza maji mwilini, na maji hayo hubana mshipa wa fahamu unaopita kwenye kifundo cha mkono. Usiache, ila punguza. Nyoosha kiganja badala ya kukikunja, weka mto mapajani ili mikono isining'inie, na kila baada ya nusu saa simama ukung'ute vidole. Wengi hupona wenyewe baada ya kujifungua.

Lakini kama uso na mikono vimevimba, kichwa kinauma sana na macho yanaona ukungu, hiyo si habari ya sindano. Ni dalili ya hatari, na mimba ya kwanza ndiyo inayopatwa zaidi na tatizo la presha linaloweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Naruhusiwa kutembea? Mume wangu anataka nikae tu.

Mume anakupenda, lakini kukaa tu kunakuongezea maumivu ya mgongo, choo kigumu na usiku mrefu. Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito mwenye afya apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Nusu saa ya kutembea siku tano inatosha.

Julai jua la huku linachomoza kwenye saa moja asubuhi. Mimi nashauri kutoka saa mbili, baridi imevunjika na upepo wa mchana haujaanza kurusha vumbi. Chini ya miembe mikubwa ya mjini ni pazuri, kivuli kipo na watu wa kusalimiana nao wapo. Vaa viatu vilivyo bapa, jifunike kanga puani pakiwa na vumbi. Ukiweza kuongea huku unatembea, mwendo ni sawa. Ukihema hadi maneno yanakatika, punguza. Mkunga akiwa amekuambia upumzike kwa sababu ya kutokwa damu, presha au kondo lililokaa chini, msikilize yeye.

Baiskeli? Wengi wetu tumekulia juu ya baiskeli, na miezi ya mwanzo mwenye uzoefu anaweza. Tumbo likishatoka, mizani ya mwili hubadilika na barabara za mchanga huteleza. Hapo muachie mwenzako. Na bodaboda ikikulazimu, mwambie dereva hali yako, aende taratibu. Bajaji ni bora.

Napenda bustani. Kipupwe si ndicho kipindi cha mboga?

Ndicho, na mchicha, chainizi na matembele hustawi kwa sababu wadudu ni wachache kuliko masika. Mwagilia kwa keni iliyojaa nusu. Vaa glavu au mifuko mikononi, maana kinyesi cha paka kilichofukiwa udongoni kinaweza kuwa na vijidudu vinavyomdhuru mtoto tumboni. Osha mikono kwa sabuni, osha mboga vizuri. Dawa za kupulizia wadudu usiziguse kabisa, wala usikae karibu zinapopulizwa.

Nyumbani tunalima tumbaku, na sasa ni msimu wa kuuza. Kuchambua majani si kazi nyepesi ya kukaa?

Swali hili linanigusa sana, kwa sababu Urambo, Sikonge, Kaliua na Uyui kuna maelfu ya nyumba za namna hii, na wajawazito hupewa kazi ya kuchambua na kupanga madaraja kwa nia njema, waonekane wamepumzishwa jembe.

Ni nyepesi kwa mgongo tu. Nikotini hupenya kwenye ngozi, hasa majani yakiwa na unyevu, na vumbi lake huingia puani. Mwilini hubana mishipa ya damu, na damu inayokwenda kwa mtoto hupungua. Mama anaweza kushinda hajashika sigara hata moja na bado nikotini ikamfikia mtoto. Kama kuna namna yoyote, kazi hiyo afanye mtu mwingine. Wewe pika, andika hesabu za marobota, fuma.

La pili ni kulala. Nyumba nyingi huhifadhi marobota chumbani kwa kuogopa wezi na mvua. Mvua hakuna sasa. Omba yahamishiwe chumba kingine au stoo, na mwenye kuyashika aoge na kubadili nguo kabla ya kuja kitandani. Ongea na mumeo mapema, kabla mzigo haujaingia, maana ukishapangwa ndani hakuna atakayekubali kuuhamisha.

Chakula cha msimu huu kinatosha, au ninunue vyakula maalumu?

Kinatosha, na ni kizuri. Huu ndio wakati wa michembe na matobolwa. Michembe, ile ya viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kukaushwa, ukiichemsha na kuila kwa karanga unapata nguvu, protini na mafuta kwa bei ndogo. Matobolwa, yaliyochemshwa kwanza ndipo yakaanikwa, ni mazuri kutafuna ukiwa unafuma, na choo kinalainika ukinywa maji ya kutosha. Anika juu ya turubai safi au kichanja, si chini.

Dagaa wa Kigoma wanafika hapa kwa treni na malori. Uwale wazimawazima pamoja na miiba yao, ndimo ilimo kalsiamu. Maziwa yachemshwe, hata yale unayotaka kugandisha, kwa sababu maziwa mabichi huweza kuambukiza ugonjwa wa kutupa mimba unaotoka kwa ng'ombe. Nsansa, yaani mboga ya majani iliyokaushwa, ni nzuri, lakini ikikaushwa juani hupoteza vitamini nyingi. Ianike kivulini, na bado utafute mbichi mara kwa mara.

Mayai kula. Najua wapo wanaoambiwa mtoto atazaliwa bila nywele au atakuwa mwizi. Yai ni protini safi, na nywele za mtoto hazina habari nalo.

Vidonge vya madini ya chuma wanavyokupa kliniki meza kwa chungwa au maji ya ubuyu, usimeze kwa chai, kwa sababu chai huzuia chuma kisiingie mwilini. Chai isubiri saa moja au mbili. Choo kuwa cheusi ni kawaida.

Nina hamu ya udongo, hasa ule wa kuoka.

Wengi wanayo, wala usione aibu. Hamu hiyo mara nyingi huja na upungufu wa damu, na udongo wenyewe huzidi kuipunguza damu, tena huweza kubeba minyoo na madini ya risasi. Omba wakupime wingi wa damu. Wakati huohuo tafuna karanga za kukaanga, maana kinachotafutwa mara nyingi ni kitu kikavu mdomoni.

Asali ni salama?

Kwa mama, ndiyo. Msimu mkubwa wa kurina asali ya miombo unaangukia miezi hii, na Tabora ndipo kilipo chuo cha ufugaji nyuki, kwa hiyo hukosi asali nzuri. Kijiko kwenye maji ya moto na limao ni kinywaji changu cha jioni. Mwenye kisukari cha mimba aulize kwanza.

Kwa mtoto, hapana hadi atimize mwaka mmoja. Hata kulambisha kidogo siku ya kuzaliwa, kama wanavyofanya baadhi ya bibi. Asali huweza kubeba mbegu za bakteria ambazo tumbo la mtu mzima linazishinda lakini tumbo la mchanga haliwezi, na zikikua hutoa sumu inayolegeza misuli hadi ya kupumulia. Bibi asionekane mbaya. Mwambie zawadi yake ya asali ni ya mama anayenyonyesha.

Nimeshikwa na mafua na kikohozi. Nimeze nini?

Paracetamol kwa kipimo cha kawaida inakubalika. Diklofenaki na ibuprofen usijinunulie dukani, hasa kuanzia wiki ya 20, kwa sababu huweza kudhuru figo na moyo wa mtoto. Tangawizi kidogo kwenye chai ni sawa. Dawa za mitishamba za kuchemsha, ambazo hujui kipimo chake, ziache hadi utakapojifungua. Kujifukiza chini ya blanketi zito kunapandisha joto la mwili na wapo wanaozimia. Vuta mvuke wa bakuli ukiwa umekaa mahali penye hewa, basi.

Homa ni habari nyingine. Ukisikia homa, kapime malaria siku hiyo. Kikohozi kilichofika wiki mbili, omba upimwe kifua kikuu.

Mbu wamepungua. Chandarua nikipumzishe?

Usikipumzishe. Utafiti wa kitaifa wa 2022 uliiweka Tabora juu ya mikoa yote kwa maambukizi ya malaria kwa watoto wadogo, karibu mmoja kati ya wanne. Mbu wachache wanatosha. Mimba ya kwanza ndiyo inayoshambuliwa zaidi, kwa sababu mwili haujawahi kupambana na vimelea vinavyojificha kwenye kondo. Chandarua kinatolewa kliniki, na kuanzia mwezi wa nne kuna vidonge vya SP, vya kukinga malaria, vya kumeza mbele ya muuguzi, kila mwezi. Mwenye kutumia Septrin pamoja na dawa za VVU hupewa mpango mwingine, kwa hiyo sema ukweli wako wote kliniki.

Niende kliniki mara ngapi?

Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri angalau mara nane, ya kwanza kabla ya wiki 12. Wengi husubiri tumbo lionekane. Usisubiri, mahudhurio ya kwanza ndiyo ya kupima damu, presha, mkojo, VVU na kaswende, mambo yanayotibika vizuri yakijulikana mapema. Nenda na mwenzako, na nenda na kazi yako ya kufuma, foleni itakuwa fupi machoni pako.

Ngozi inakauka na kuwasha.

Baridi kavu ya huku hufanya hivyo. Oga maji ya vuguvugu, ujipake mafuta ya nazi au ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu. Krimu za kujichubua hapana. Nyingi zina zebaki. Muwasho wa viganja na nyayo unaozidi usiku, bila vipele, katika miezi ya mwisho, upeleke hospitali, huweza kuwa wa ini.

Miezi hii ni ya harusi na ngoma. Niende?

Nenda, cheza taratibu, kaa mbali na spika, rudi mapema. Kuanzia karibu wiki ya 24 mtoto anasikia, na sauti anayoisikia zaidi ni yako. Mwimbie. Kazi ninayowapa mabinti ni kwenda kwa mama au bibi na daftari, kuandika nyimbo za kubembeleza alizowaimbia, Kinyamwezi na Kiswahili, na majina ya ukoo pamoja na habari za walioyabeba. Wengine wanarekodi kwenye simu. Bibi wengi hawajawahi kuulizwa, na ukiwauliza hawaachi kueleza.

Nimehamia hapa kwa kazi ya mume, simjui mtu, jioni zinanilemea.

Jioni za kipupwe ni ndefu kwa aliye peke yake, nami nakuomba usizivumilie kimya. Bisha hodi kwa jirani, uombe kufundishwa kupika nsansa. Jiunge na kwaya au darasa la akina mama msikitini. Jifunze bao, si la wanaume peke yao. Mumeo akirudi, msomee kwa sauti chochote mnachokipenda, gazeti hata.

Kama huzuni imekaa wiki mbili na zaidi, hulali, huli, hutaki hata kumfikiria mtoto, mwambie mkunga kwa maneno hayohayo. Huo ni ugonjwa unaotibika, tena unawapata wake wa watu wema.

Kwetu mimba ya kwanza hujifungulia kwa mama. Nisafiri lini?

Desturi nzuri, mradi kwa mama kuna hospitali karibu. Safiri kabla ya wiki ya 36. Treni ya kwenda Kigoma au Mwanza inakupa nafasi ya kusimama na kutembea, na kila saa mbili fanya hivyo ili damu isigande miguuni. Usiku ndani ya behewa ni baridi, beba shali. Kadi ya kliniki ikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi la juu.

Mtoto akizaliwa Agosti, nimvalishe nguo ngapi?

Kwanza asivalishwe kitu: akaushwe, alazwe kifuani kwako ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, blanketi juu yenu wote. Hakuna joto linalolingana na hilo. Anyonye ndani ya saa ya kwanza, na maziwa ya mwanzo ya manjano asinyimwe. Kuoga kusubiri saa 24.

Baadaye kanuni ni kumvalisha nguo moja zaidi ya uliyovaa wewe. Gusa kisogo na kifua. Mikono ya mchanga huwa baridi hata akiwa sawa. Kisogo kikiwa na jasho, punguza. Kwenye begi weka kanga safi, kofia, soksi, nepi, nguo zako, pamoja na vifaa vitakavyoandikwa na kituo chako.

Nitajuaje kwamba sasa ni hospitali?

Maumivu yanayokuja kwa mpangilio, yanayozidi nguvu na kukaribiana, na hayapoi ukitembea au ukilala. Yakifika kila dakika tano, uwe umekwisha kuwa hospitali. Anayetoka mbali aanze safari mapema zaidi, au akae karibu na kituo wiki za mwisho. Ute wenye damu kidogo ni ishara kwamba safari imekaribia. Chupa ya uzazi ikipasuka, nenda hata kama hakuna maumivu.

Damu nyingi, degedege, homa, au mtoto aliyepunguza kucheza havisubiri maumivu wala asubuhi. Piga 115, namba ya bure ya mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, na uiandike leo kwenye simu ya mumeo, ya jirani na ya dereva mmoja unayemwamini.